Kibali cha Miwani ya Pili

Ulikuwepo. Usijifanye unakuna sikio. Siku ile Bi Sikudhani Mtambo anatolewa Masjala ya Uhai na Vifo, mlinzi kamshika kiwiko kama mwizi wa kuku, wewe ulikuwa wa nne kwenye foleni. Ulimwona vizuri. Ukainamia simu yako, ukaanza kusoma kwa makini tangazo la vifurushi, wewe ambaye hujawahi kusoma tangazo la vifurushi maishani mwako. Wa nyuma yako akatazama feni ya dari, ambayo haijazunguka tangu ifungwe. Wa mbele yako akadhani ni mwananchi mwenzenu, akashukuru kimoyomoyo kwamba foleni imepungua mtu mmoja.

Kumbukumbu yangu haijawahi kwenda likizo. Nakumbuka ulipigia nini makofi, na mwaka gani. Basi kaa nikusimulie yaliyotangulia siku ile. Na usiniulize ni nchi gani. Nchi yenyewe ina mawakili wengi kuliko madaktari, na jina lake limesajiliwa. Kulitaja bila idhini ni kosa.

*

Katika nchi hiyo kuna Wizara ya Macho, Mtazamo na Maono. Waziri wake ni Mheshimiwa Daktari Mhandisi Balozi Pius Lukwaro. Udaktari alitunukiwa na chuo alichokizindua, uhandisi aliupata kwa kukata utepe wa daraja, na ubalozi alipelekwa nchi ambayo mpaka leo hakumbuki ilikuwa ipi, ila anasema kulikuwa na baridi.

Mwaka ule mvua ilipobomoa paa la soko kuu, Mheshimiwa alikuja uwanjani. Watu walidhani amekuja kuzungumzia paa. Akatangaza Sheria ya Miwani Moja.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Mtu mwenye miwani moja, anaona nchi moja. Mtu mwenye miwani mbili, huyo anaona nchi mbili! Sasa nawauliza, hiyo nchi ya pili anayoiona ni ipi? Inaongozwa na nani? Na amepewa visa na nani?"

Ulipiga makofi. Ulisimama kabisa, ukapiga makofi juu ya kichwa cha mtu aliyekaa.

Mheshimiwa wakati huo alikuwa na miwani moja puani, nyingine ameipandisha kwenye paji la uso, na ya tatu inaning'inia kifuani kwa mkufu. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kifungu cha tisa cha sheria kinawaruhusu "viongozi ambao kwa asili ya majukumu yao hulazimika kutazama mambo mengi kwa wakati mmoja." Sisi wengine tuna jambo moja tu la kutazama, nalo ni wao.

Mwananchi wa kawaida anayetaka miwani ya pili lazima apate kibali. Fundi atakayemtengenezea bila kibali, kibanda chake kinafungwa na mashine yake inakwenda kuhifadhiwa nyumbani kwa aliyemkamata.

*

Sasa huyu Bi Sikudhani ni nani? Ni karani wa dirisha namba mbili. Mtu akizaliwa, anamwandika. Mtu akifa, anamwandikia tarehe. Kwa miaka ishirini na minne alifanya kazi hiyo kwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi, na hakukosea jina hata moja. Waulize watu wa nyuma ya machinjio, watu wagumu kusifia mtu. Mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyefundishwa kwa kiboko: kila herufi imesimama wima na imechomekea.

Alipovuka miaka arobaini na mitano, herufi za karibu zikaanza kumchezea. Akanunua miwani ya kusomea. Daftari likakaa mbele yake kifuani, miwani puani, kazi ikaendelea. Hiyo ndiyo miwani yake moja, halali, yenye namba iliyogongwa kwenye kitambulisho chake.

Kisha zikaletwa kompyuta. Meza zilifungwa sakafuni kwa boliti, na kompyuta zikafungwa mezani kwa minyororo, kwa sababu shehena ya kwanza iliibwa yote. Aliyeiiba alipandishwa cheo. Ndiye Mkurugenzi wa Masjala, Bwana Hezron Malugu, na yeye ndiye aliyeandika waraka wa minyororo, maana hakuna mtumishi mwingine aliyeijua mianya ya ghala vizuri kama yeye.

Skrini ikawa umbali wa mkono ulionyooshwa. Bi Sikudhani akivaa miwani yake, majina yanaota manyoya. Akiivua, manyoya yanakuwa ukungu. Akiinua kidevu, shingo inamkata. Akinyanyuka akaegemea mbele ndiyo anaona, lakini hapo matako yako hewani na wananchi wanacheka dirishani.

"Bi Siku," alimwambia Kashinje, karani wa dirisha namba tatu, mtu wa makamo mwenye mdomo mrefu kuliko tai yake, "hiyo kompyuta unaitazama kama mbuzi aliyeonyeshwa picha ya bucha."

"Wewe unaona?"

"Mimi? Mpaka vumbi lililo ndani ya waya."

"Haya, nisomee jina la juu kabisa."

Kashinje akabonyeza kitufe. Mashine ya kuchapa pembeni ikakohoa, ikatema karatasi. Akaisogeza karibu na pua, akasoma, "Ng'wanza Petro Luhende."

"Hiyo ni karatasi, Kashinje."

"Na hii ni ofisi isiyotumia karatasi, dada yangu. Ndiyo maana tumeagiza nyingi."

Ndivyo walivyofanya makarani wote tisa. Wanachapa kilichoko kwenye skrini, wanakisoma kwenye karatasi, wanapapasa herufi kurudisha majibu kwenye kompyuta, kisha wanachana karatasi na kuficha vipande kwenye droo Mkurugenzi asivione. Tangu serikali ifute karatasi, matumizi ya karatasi yalipanda mara tatu, na Masjala ikapewa kikombe cha teknolojia. Mwezi wa tatu wino ukaisha. Kuanzia hapo wananchi wa nchi nzima wakawa wanabahatishwa.

*

Kosa la kwanza la Bi Sikudhani halikumuumiza mtu. Alimrudisha hai Mkuu wa Mkoa aliyekuwa amezikwa miaka minne. Marehemu akaanza kupokea mialiko na kupangiwa vikao, na mwisho wa mwaka akatathminiwa, akapata alama sawa na wenzake. Hakuna aliyegundua tofauti ya utendaji. Siri ilifichuka pale alipopendekezwa kuwa mfanyakazi bora na mjane wake akaenda kuuliza zawadi inachukuliwaje.

Kosa la pili lilikuwa la kuua. Alikusudia kufunga jina la bibi mmoja wa Kata ya Juu, yaani kumwandika kuwa amefariki. Jina la chini yake likafungwa. Hilo lilikuwa la Kibibi Shaweji, mkunga wa zahanati. Baada ya wiki mbili Kibibi akaja mwenyewe, kwa miguu, amepandwa na mori, akaangukia dirisha la Kashinje.

"Pole, mama," Kashinje akamwambia, "lakini hapa inaonyesha wewe ni marehemu."

"Marehemu mama yako! Saa kumi na mbili asubuhi ya leo nimezalisha mapacha!"

"Una barua ya kuthibitisha uhai?"

"Si naongea na wewe hapa?"

"Kuongea si kiambatisho, mama. Halafu maombi ya marehemu huletwa na msimamizi wa mirathi. Yuko wapi?"

Bi Sikudhani akasimama, akazunguka mpaka upande wa wananchi, jambo ambalo waraka unakataza. Akamshika Kibibi mikono miwili.

"Shoga yangu, nimekuua mimi. Si Kashinje. Macho yangu hayaioni ile kompyuta, jina lako lilikuwa chini ya la mwingine. Nisamehe."

Kibibi akaichomoa mikono yake. "Sasa unasubiri nini kutafuta miwani? Umalize kata nzima?"

Kufufuliwa huchukua miezi kumi na moja. Zahanati ikamwondoa Kibibi kazini siku hiyohiyo, kwani mwongozo unakataza marehemu kugusa wajawazito. Na wale mapacha mpaka leo hawana vyeti, kwa hoja kwamba mkunga wao alifariki kabla hawajazaliwa. Mapacha wale wapo, wananyonya. Cheka, kama unaweza.

Mkurugenzi Malugu akamwita Bi Sikudhani. Kompyuta ya Mkurugenzi ilikuwa bado imevishwa nailoni ya kiwandani. Juu ya meza kulikuwa na miwani tano zimepangwa kwenye mto wa mahameli, na mojawapo, mwenyewe alisema kwa fahari, ni maalumu kwa kompyuta.

"Makosa mawili," alisema. "La tatu, unakwenda nyumbani, na faili lako linaandikwa uzembe."

"Mkurugenzi, si uzembe. Ni macho. Nipeni miwani kama hiyo yako."

"Bi Sikudhani, tusichanganye mambo. Mimi nina miwani ya kompyuta. Wewe una kompyuta. Kila mmoja ashukuru kwa alichojaliwa."

*

Bi Sikudhani akaenda kwa fundi Dilunga, anayesaga vioo kwenye kibanda nyuma ya stendi. Dilunga hana shahada. Ana futi kamba ya fundi nguo, na ana swali ambalo Wizara nzima haijawahi kuuliza.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Kompyuta. Kutwa nzima."

"Ukikaa, toka jichoni mpaka kwenye kioo ni mkono mzima?"

"Mkono mzima, na ukucha."

Akapima hewani kwa ile futi kamba. "Hapo ni sentimita sitini na tano. Hii miwani yako ni ya kitabu, inaona vizuri kwenye arobaini. Ukienda mbele ya hapo inakutupa. Macho yako mazima kabisa kwa umri wako, ni kwamba kazi yako imehama na miwani haikuhama. Unahitaji nyingine ya hapo katikati, ukae nayo mezani. Ya kitabu ibaki na kitabu."

"Basi?"

"Basi. Nusu saa nimemaliza. Lete kibali."

Nusu saa. Liweke hilo kichwani unapoendelea kusoma.

Maombi ya kibali yana fomu, na fomu ipo kwenye kompyuta peke yake, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Yaani kuomba miwani ya kuonea kompyuta lazima kwanza uione kompyuta. Walimjazia makarani wanne, kila mmoja akibahatisha kipande chake. Baadaye ilibainika kwamba fomu ilimtaja mwombaji kuwa ni mwanamume, mfugaji wa nyuki, anayeomba kuhamishwa gereza. Wizara ikaipokea bila maswali.

Ikaja kamati ya wataalamu saba. Walikula chai. Walikaa kwenye kiti chake kwa zamu. Mmoja aliuliza kwa nini wasisogeze tu kompyuta karibu, wakamwonyesha mnyororo, akaomba radhi na akatolewa kwenye kamati. Baada ya siku kumi na nne ikaja barua yenye mihuri mitatu. Nainukuu kama ilivyo:

"Baada ya uchunguzi wa kina imebainika kwamba kuna upungufu wa sentimita ishirini na tano kati ya mtumishi na kazi yake. Unaelekezwa kuinama sentimita ishirini na tano, kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, siku zote za kazi. Unatakiwa kuinama kwa uzalendo."

Akainama. Wiki tatu aliinama. Alikuwa akirudi nyumbani anageuka mwili mzima kumsalimia jirani, kwa kuwa shingo haikugeuka tena. Hospitali ikamfunga kola ngumu, na ndani ya kola mtu hawezi kuinama, na Mkurugenzi akamwandikia barua ya kukaidi maelekezo ya kuinama.

"Bi Siku, saini tu chochote wanachotaka," Kashinje alimwambia. Safari hii hakutania. "Bahatisha kama sisi. Wakifa wachache kwenye karatasi, watakuja kulalamika."

"Na wasiojua kulalamika?"

Kashinje akarudi dirishani kwake.

*

Ikabaki hatua ya mwisho: kupimwa macho kitaifa, Chumba Namba Nne, kwenye jengo la Wizara.

Unakijua chumba hicho. Kila mtu wa nchi hiyo hupitia humo kila baada ya miaka miwili. Unasimama kwenye mstari mwekundu, unafunika jicho, unasoma Kiapo cha Mtazamo kilichotundikwa ukutani: Naona mbele. Nchi yangu inang'aa. Viongozi wangu nawaona wote. Naona nuru, na nuru inaniona. Ndicho kiapo kilekile ulichokariri darasa la kwanza, ukakiimba kila asubuhi gwarideni kwa miaka saba. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kushindwa. Mheshimiwa Lukwaro ametangaza duniani kote kwamba asilimia mia moja na mbili ya wananchi wake wanaona sawasawa. Zile mbili ni za waliopenda kurudia.

Aliyemtangulia Bi Sikudhani alikuwa mzee asiyeona kabisa, ameshikwa mkono na mkewe. Akasoma Kiapo mpaka mstari wa mwisho bila kusita. Akagongewa muhuri.

"Anayefuata," akasema Mpimaji, mtu wa kitambi mwenye kalamu tatu mfukoni. "Funika jicho la kushoto. Soma."

Bi Sikudhani akafunika jicho, akaukodolea ukuta.

"Soma, mama, watu wanasubiri."

"Naona kitu cheupe kina michirizi."

"Ndicho Kiapo hicho. Soma Kiapo."

"Kiapo nakijua, mwanangu. Umeniambia nisome."

"Kwani kuna tofauti?"

"Ipo. Kuna mama nimemuua kwa sababu ya hiyo tofauti."

Foleni ikaanza kuguna. Mmoja akapaza sauti, "Mama, soma twende, tumeacha biashara!" Wewe? Ngoja. Nitakufikia.

Bi Sikudhani akavuka mstari mwekundu. Akatembea na kola yake shingoni, wima kama askari, hadi akafika umbali ambao miwani yake ya kitabu inafanya kazi, sentimita arobaini kutoka ukutani. Akasoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita majina dirishani:

"Tahadhari. Rangi mbichi. Usiegemee ukuta."



Akasoma tena, na tarehe iliyoko chini. Miaka sita. Miaka sita iliyopita mafundi walipaka ukuta rangi, wakakitoa Kiapo, wakatundika tangazo lao kwenye msumari uleule, wakasahau. Na miaka sita taifa zima limesimama kwenye mstari mwekundu, jicho moja limefunikwa, likalisomea tangazo la rangi kiapo cha utii, likagongewa muhuri.

Mpimaji akavaa miwani yake, akavua, akaenda mpaka ukutani, akagusa rangi. Ilikuwa imekauka, naye akaonekana kupata faraja. Akarudi mezani akaandika cheti: "Mwombaji amesoma maandishi madogo, yasiyo rasmi, kwa ufasaha mkubwa. Anaona kupita kiwango. Kibali cha miwani ya pili kimekataliwa. Apelekwe kwenye nidhamu kwa kusoma kilichopo."

*

Ilipofika Jumatano, Mkurugenzi Malugu alimwekea karatasi mbele yake. Alikuwa mpole. Wanakuwaga wapole wanapotaka saini.

"Hapa unasema tu kwamba uliona Kiapo, ukapitiwa. Na kwamba yale makosa mawili yalitokana na uzembe. Ukisaini, unarudi dirishani leo hii."

"Na miwani?"

"Bi Sikudhani, nchi imekupa nafasi, wewe unaomba miwani."

Karatasi ilikuwa karibu, kwa hiyo aliiona vizuri. Akaisoma yote, mpaka vile vijiherufi vya chini ambavyo viliwekwa visisomwe, vilivyosema kwamba kuanzia sasa kila atakayefungwa jina kwa makosa, dhamana ni yake binafsi. Akairudisha.

"Leo kuna majina mia nne kwenye orodha," alisema. "Nikirudi pale bila miwani nitaua mtu mwingine. Huyo huenda asiwe na mdomo wa Kibibi. Siwezi. Nipeni nusu saa na yule fundi nifanye kazi yangu, au nifukuzeni, lakini jina langu haliendi chini ya uongo huu."

Ndipo Malugu alipomwita mlinzi.

*

Kikao cha nidhamu ni Jumatatu, saa tatu asubuhi. Wizara imekwisha kutundika Kiapo kipya Chumba Namba Nne, chenye fremu ya dhahabu, na itasema kimekuwepo siku zote na kwamba Bi Sikudhani alilitunga tangazo la rangi kwa chuki. Tangazo lenyewe limechomwa. Mzee asiyeona hawezi kuwa shahidi, mkewe amehama mji. Mpimaji amepandishwa cheo, sasa anapima wapimaji. Kashinje, ambaye nilidhani atajificha chini ya meza, ameandikisha jina lake kuwa shahidi, lakini hakuwa chumbani siku ile, na kanuni zinataka aliyeona.

Wewe uliona. Nilisema nitakufikia, nimekufikia. Siku ya kupimwa macho nayo ulikuwa kwenye foleni ya Chumba Namba Nne, wa pili baada yake. Ulilisikia likisomwa. Ulinyoosha shingo, ukaliona, rangi nyekundu kwenye kadibodi nyeupe, pembe moja imekunjika. Ilipofika zamu yako ukafunika jicho, ukalitazama tangazo la rangi, ukasema unaona nuru. Una muhuri wa siku hiyo kwenye kitambulisho chako. Huo muhuri ndio ushahidi kwamba ulikuwepo, na wao wenyewe ndio waliougonga.

Daftari la mashahidi linafungwa leo saa sita mchana. Lipo chumba cha pili kulia ukipanda ngazi za Masjala, na karani wake atakwambia limeshafungwa. Usimsikilize, lifungue mwenyewe. Andika jina lako. Andika ulichokiona, maneno matano: tahadhari, rangi mbichi, usiegemee ukuta, na tarehe. Acha kunisoma. Vaa viatu. Nenda.